Sanduku Nililolipeleka Pwani

Miaka michache kabla ya Waingereza kuondoka, nilikuwa dresa katika hospitali ya serikali pale Singida. Dresa ndiye aliyefunga vidonda, akapiga sindano, akagawa kwinini asubuhi, na daktari akihitaji, ndiye aliyeosha maiti kabla ya kupasuliwa. Kazi hiyo ya mwisho wenzangu waliikwepa. Mmoja alisema mkewe akijua hatampakulia chakula. Mimi nilikuwa bado sijaoa, nikaachiwa.

Siku moja, katikati ya masika, gari la polisi lilileta maiti ya mwanamume kutoka upande wa Mtinko. Ilikuwa imeviringishwa mkeka. Katika gari hilohilo, pembeni mwa mkeka, alikaa mke wa marehemu, mikono imefungwa kamba kwa mbele, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amesafiri hivyo njia nzima, miguu yake ikigusa miguu ya mumewe kila gari lilipopita kwenye shimo. Nilimsaidia kushuka. Hakulia, alinyoosha tu mgongo kwanza, kama mtu aliyetoka kupalilia.

Kaka wa marehemu alifika baadaye kwa baiskeli, matope mpaka kiunoni. Ndiye aliyetoa taarifa polisi. Alituambia mdogo wake alikuwa ameondoka nyumbani miezi mitano, amekwenda kufanya kazi ya kibarua huko Iramba kwenye josho la ng'ombe. Alirudi siku ya soko. Siku ya tatu akala ugali wa uwele aliopikiwa na mkewe, akaanza kutapika, na kesho yake jua halijazama akafa.

"Alirudi mzima," alisema kaka mtu. "Tumekaa naye, tumecheka naye. Kabla hajaondoka waligombana na huyu mwanamke, ukoo mzima unajua. Mwanamke alisema hataki kumwona tena usoni. Haya, sasa hatamwona."

Alisema hayo huku machozi yanamtoka, na mimi nilimwamini. Mke alipoulizwa na sajini wa polisi alijibu maneno machache kwa Kinyaturu, nami nikatafsiri: "Alirudi mgonjwa. Alitapika kwenye ua kabla hajala chochote changu." Sajini aliandika, lakini niliona mkono wake haukuwa na haraka.

Daktari wetu alikuwa Mwingereza mwembamba, mkali, ambaye Kiswahili chake kilitosha kuamrisha tu. Wakati naosha maiti niliona mambo matatu. Nywele zilikuwa ndefu, hazijanyolewa muda mrefu. Ngozi ya viganja ilikuwa inabanduka kama ya mtu aliyeungua maji ya moto. Na kwenye kucha zote za vidole vya mikono palikuwa na mstari mweupe uliokata ukucha kwa upana, kama umechorwa kwa chaki. Nilidhani ni mambo ya jembe na kazi ngumu. Sikusema.

Daktari alishika mkono wa marehemu akautazama kwa muda mrefu. Kisha akanipa mkasi.

"Kata nywele. Nyingi. Karibu na ngozi kabisa."

Nikakata.

"Sasa funga uzi. Upande wa ngozi."

"Kwa nini upande huo, bwana daktari?"

"Funga tu."

Nikafunga nikinung'unika moyoni, maana mikono yangu ilikuwa imelowa na uzi ulikuwa mwembamba. Tumbo, ini na figo viliwekwa kwenye chupa za kioo, kila kiungo na chupa yake, na spiriti ndani. Nywele zikatiwa kwenye bahasha. Vyote vikapangwa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa pamba, kifuniko kikafungwa kwa kamba, na juu ya mafundo manne daktari akamwaga lakiri nyekundu iliyoyeyushwa na kuigonga muhuri. Singida hatukuwa na mtu wa kupima sumu. Wapimaji walikuwa Dar es Salaam, katika maabara ya serikali, na kesi zote za namna hiyo kutoka bara zilikwenda kuamuliwa kwenye meza zao. Nikaambiwa nilipeleke sanduku, mimi pamoja na konstebo mmoja, na kwamba lisitoke machoni mwetu hata dakika moja.

Siku ya kuondoka niliitwa gerezani kumtia dawa ya macho yule mtoto mchanga. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha upande wa wanawake, anachambua mtama wa gereza. Alinishikia kichwa cha mtoto mpaka nikamaliza.

"Kaka," aliniambia kwa lugha yetu, "nasikia ni wewe unayelipeleka tumbo la mume wangu."

"Ni mimi."

"Huko wakikuuliza, waambie alirudi mgonjwa."

"Hawaulizi, dada. Wanapima."

Alifikiri kidogo, mkono juu ya ungo.

"Basi wapime vizuri," alisema.

Sikupenda maneno yale. Mtu mwenye hatia, nilijiambia, angeniomba sanduku lianguke mtoni. Nilipanda lori nikiwa na mashaka ambayo jana yake sikuwa nayo.

Lori lilikuwa la mfanyabiashara wa mjini, limebeba magunia ya karanga na ngozi za ng'ombe, linakwenda Manyoni kwenye reli. Mbuga ilikuwa imejaa maji. Kabla ya saa sita mchana tulikwama mpaka ekseli. Tulishuka wote kusukuma, sanduku nikaliacha juu ya gunia ambapo konstebo alikuwa analitazama, na injini iliponguruma lori likaruka mbele ghafla. Sanduku likateleza likagonga ubavu wa bodi. Nililidaka kabla halijaanguka chini. Chupa hazikuvunjika, nilizisikiliza moja moja kwa sikio. Lakini lakiri ya fundo moja ilikuwa imepasuka katikati, kipande kimoja kimebanduka kabisa.

Konstebo alikuwa mtu wa makamo, Mgogo wa Manyoni, ana watoto saba na miaka kumi na tisa kazini. Alikitazama kile kipande kwenye kiganja changu.

"Kijana," alisema, "mimi nina kiberiti."

"Cha nini?"

"Lakiri inayeyuka. Tunairudishia, tunaibonyeza na kidole. Nani atajua?"

"Muhuri hautatokea."

"Watadhani umefutika na mvua. Sikiliza. Nikifika kule na lakiri iliyovunjika, wataandika jina langu. Nikiandikwa, najua yanayofuata."

Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi pia. Tulikaa kwenye ukingo wa barabara, sanduku katikati yetu, dereva na utingo wake wakichimba tope. Nilimwambia kwamba tukiigusa, na wakagundua, watasema kila kilichomo ndani kimeguswa. Watatupa vyote. Na yule mwanamke hatapata jibu lolote, la kumtoa wala la kumfunga. Konstebo alikigeuzageuza kile kiberiti mkononi.

"Una hakika kaua?" aliniuliza.

"Jana nilikuwa na hakika."

Alirudisha kiberiti mfukoni. Kipande cha lakiri tukakifunga kwenye leso yake, na tukaapiana kusema mambo yalivyokuwa.

Kwenye treni tulikaa daraja la tatu, sanduku chini ya miguu yetu, tukilala kwa zamu. Baada ya Dodoma mama mmoja aliyebeba kuku alilitazama sana.

"Wanangu, ni asali hiyo? Mnauza?"

"Ni mali ya serikali, mama," alijibu konstebo.

"Serikali nayo siku hizi inakula asali!" alisema, na behewa zima likacheka. Akatugawia ndizi nne. Konstebo hakula yake mpaka Morogoro.

Maabara ilikuwa jengo jeupe, dirisha kubwa kila upande, harufu yake kali kuliko ya hospitali. Nilitegemea Mzungu. Mzungu alikuwepo, ndiye mkubwa wao na ndiye aliyetia saini, lakini mpimaji aliyetupokea alikuwa Mhindi mfupi mwenye miwani minene, Kiswahili chake laini cha pwani kilichonifanya nionee haya cha kwangu. Aliligeuza sanduku polepole. Kidole chake kikasimama kwenye lile fundo.

"Hii imevunjika wapi?"

Konstebo alisimama wima kama yuko gwaride. Akatoa leso, akaifungua mezani, akaeleza yote: mbuga, lori, saa, nani alikuwa wapi. Hata habari ya kiberiti hakuificha, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mpimaji alikileta kile kipande karibu na miwani yake, akakilinganisha na pengo lake. Kiliingia sawasawa. Akaangalia mafundo mengine matatu, akafungua, akaangalia vizibo vya chupa ambavyo navyo vilikuwa na lakiri yake kila kimoja. Vyote vizima. Akaandika mstari mmoja kwenye daftari.

"Mmefanya vizuri kutokuiyeyusha," alisema. "Mngeiyeyusha ningejua, na ningewarudisha na sanduku lenu."

Konstebo aliketi bila kuambiwa.

Tulitakiwa kusubiri barua ya majibu. Siku ya pili nilimwomba yule mpimaji aniruhusu nitazame anavyofanya. Sijui kwa nini alikubali. Labda hakuna mtu aliyewahi kumwomba. Alinisimamisha pembeni mwa meza, mikono nyuma. Alikuwa amesaga kipande cha tumbo na kukichemsha ndani ya tindikali kwenye chupa. Akachukua utepe mdogo wa shaba, unang'aa kama sarafu mpya, akautumbukiza.

"Ukibaki mwekundu, aina ya sumu ninayoitafuta haimo," alisema. "Ukigeuka mweusi, imo, au nina kazi zaidi ya kufanya."

Tulisubiri. Utepe uliingia kivuli kidogo tu, kama moshi wa taa kwenye kioo. Nikashusha pumzi. Kisha akafanya vilevile kwa ini, na utepe ule ukageuka mweusi kama masizi, mbele ya macho yangu, haraka kuliko nilivyotaka.

 Nilimwona akilini yule mwanamke na ungo wake. "Basi ni yeye," nilisema. "Kamwua."

Mpimaji alinigeukia. Nakumbuka alivua miwani kwanza.

"Shaba imesema nini?"

"Sumu imo."

"Imesema nani ameitia?"

"Hapana."

"Basi na wewe usiseme. Nieleze. Mkewe kampa chakula lini?"

"Siku moja kabla hajafa."

"Kama kampa sumu ya kuua katika chakula kile, ningeikuta wapi nyingi?"

Nilifikiri. "Tumboni."

"Na nimeikuta wapi?"

"Kwenye ini."

"Tumboni imebaki chembe. Ini ndilo limejaa. Sumu hii ilipita tumboni siku nyingi." Akaichukua ile bahasha, akanionyesha fungu la nywele na uzi wangu mwembamba. "Nani alifunga huu uzi?"

"Mimi."

"Upande wa ngozi?"

"Upande wa ngozi."

"Ulichungulia mikono yake?"

Nikamwambia habari ya viganja na mistari myeupe kwenye kucha. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za rafiki wa zamani. Akaniambia nirudi baada ya siku mbili.

Niliporudi, alikuwa amezinyoosha nywele na kuzikata vipande vidogo vidogo, kila kipande kimekaa kwenye kisahani chake, vimepangwa mstari kutoka ncha mpaka ngozi. Unywele, alinieleza, hukua kiasi kinachojulikana kila mwezi, na mtu akila sumu ya namna ile, nayo huingia kwenye unywele na kubaki humo. Mwenye kuweza kuusoma atajua mtu alikula lini.

"Huku kwenye ncha," alisema akigusa visahani vya kwanza, "hakuna kitu. Safi. Hizi ziliota miezi sita iliyopita na zaidi. Kuanzia hapa sumu inaanza, kidogo. Hapa inaongezeka. Hapa imejaa. Inakuja hivyo mpaka karibu na ngozi. Miezi minne, mitano. Huyu mtu alikuwa anakula sumu kidogo kidogo kila siku. Alikuwa wapi miezi hiyo?"

Nilivihesabu vile visahani kimoja kimoja.

"Alikuwa kazini. Kwenye josho. Mkewe alikuwa Mtinko."

"Na kabla ya hapo? Hizi safi?"

"Alikuwa nyumbani. Anakula kwa mkewe."

 Alinisogezea kiti. Niliona aibu kumlilia mtu nisiyemjua katika ofisi ya serikali, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baadaye akaniuliza josho lile linatumia nini kuua kupe, nikasema sijui. Akasema yeye anajua, ni sumu ileile, na kwamba kama marehemu alikuwa na wenzake kule, tusingoje barua, tuwahi. Mkubwa wake alimpigia simu daktari wetu siku ileile.

Tulipofika Singida daktari alikuwa ameshaandaa gari. Sikupata hata nafasi ya kubadili shati. Tulipita Kiomboi, tukapita Kinampanda, tukaingia ndani zaidi, njia nyembamba kati ya mashamba ya mtama, mpaka kwenye josho ambalo sitalitaja. Pembeni palikuwa na kibanda cha bati cha kuwekea dawa. Vibarua wawili walikuwa wanaishi humohumo, kama alivyoishi marehemu. Tuliwakuta wanapika ugali kwenye debe.

Wote wawili walisimama kumwamkia daktari. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alishindwa kusimama sawasawa; nyayo, alisema, zinawaka moto wiki mbili sasa. Nikashika mkono wake nikaugeuza. Mistari ilikuwepo, myeupe, kila ukucha.

"Mzee, debe hili mlilipata wapi?"

"Ni la dawa, mwanangu. Likiisha tunalisafisha. Tunaliosha kwa mchanga."

"Dawa ya nini?"

"Ya kupe. Dawa nzuri sana. Hata mimi nina upele mgongoni, najipaka kila jioni. Na marehemu alikuwa anajipaka."

Daktari aliniuliza amesema nini. Nilipomtafsiria alikwenda akalipiga teke lile debe, ugali na maji yakamwagika motoni, na wale vibarua wakarudi nyuma kwa hofu. Ilinibidi niwaeleze kwa upole kwamba Mzungu hajakasirika nao. Tuliwapakia garini, tukawalaza wodini. Yule wa kwanza alikaa nasi miezi miwili, akaondoka na fimbo. Wa pili alipona kabisa, na ndiye aliyekuja kutoa ushahidi.

Kesi haikufika mbali. Barua kutoka pwani ilisomwa mbele ya hakimu, daktari akaeleza, kibarua akaeleza, na konstebo wangu akaulizwa habari ya lakiri akajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mwanamke akaambiwa aende zake. Alikuwa amekaa gerezani muda wa kutosha mtoto kuota meno mawili.

Alitoka nje akasimama, hajui aelekee wapi. Kaka wa marehemu alikuwa amesimama chini ya ukuta wa boma. Alikuwa amesikia kila neno. Alinijia mimi kwanza.

"Ile sumu ya josho. Ilimuuma mdogo wangu?"

"Ilimuuma, kaka. Siku nyingi."

"Na mimi nilisema alirudi mzima." Akafuta uso kwa kiganja. "Alicheka kwa sababu nilimchekesha. Alikuwa ameshika ukuta asianguke."

Kisha akamwendea shemeji yake. Hakujua kuomba msamaha, nadhani hakuwahi kumwomba mwanamke msamaha maishani. Alisema tu, "Paa la nyumba yako linavuja. Nimeanza kukata miti."

"Umeanza lini?" aliuliza mwanamke.

"Tangu juzi, barua ilipotaja nywele."

"Na mbuzi wangu?"

"Wapo kwangu. Wote. Na mmoja amezaa."

Mwanamke alimtazama mpaka mimi nikaangalia pembeni. Halafu akamfungua mtoto mgongoni, akampa amshike, akainama kufunga vizuri khanga yake. Wakaondoka, mwanamume mbele anasukuma baiskeli kwa mkono mmoja na mtoto kwenye mkono wa pili, hajazoea, mwanamke nyuma anamwelekeza namna ya kumshika.

Nilipita kwao baadaye mwaka ule, wakati wa mavuno, nikiwa na kazi ya chanjo upande wa Mtinko. Tembe la yule mwanamke lilikuwa na udongo mpya juu ya paa. Alinikaribisha ugali na mlenda, na shemeji yake akaja na watoto wake, akanawa, akakata tonge la kwanza yeye, mbele ya majirani waliokuwa wamekaa uani.  Majirani walianza kuzungumza habari za bei ya ng'ombe.

Mambo ya josho yalinichukua muda zaidi. Daktari alipata ruhusa ya kuweka mbao za onyo kwenye majosho yote ya wilaya, na akaniita nimwandikie maneno, kwa Kiswahili, kwa Kinyaturu na kwa Kinyiramba. Alikuwa ameshaandika yake: "Dawa hii ni hatari." Nilimwambia haitafaa.

"Kwa nini? Ni Kiswahili sahihi."

"Ni sahihi, bwana daktari. Lakini ukisema dawa, mtu anasikia kupona. Dawa kali kwetu ndiyo dawa nzuri. Wale vibarua walijipaka kwa sababu uliwaambia ni dawa."

"Sikuwaambia mimi."

"Tuliwaambia sisi sote."

Alinikodolea macho, nikadhani nimeharibu kazi yangu. Kisha akachukua kalamu akalikata lile neno, akanisogezea karatasi. Niliandika SUMU, herufi kubwa, na chini yake kwamba debe lake lisipikiwe, lisitekewe maji, lizikwe. Fundi wa rangi kutoka mtaa wa Utemini alituchorea mbao kumi na mbili. Nilizunguka nazo kwa lori wiki tatu, nikizisoma kwa sauti kila josho, maana wengi hawakujua kusoma, na kila mahali nikijibu maswali mpaka watu waridhike.

Kwenye josho la nane, upande wa kaskazini, nilikuta vijana wameshatuwahi. Habari ilikuwa imewafikia kwa mdomo. Walinipeleka nyuma ya kibanda wakanionyesha shimo jipya lililofukiwa, refu kama kaburi la ng'ombe, na mmoja wao akasema humo yamo madebe kumi na tisa, sasa wanapikia vyungu. Akaniuliza kama nimeshakula.